Neno Ulilomuitia Bahati Kwenye Muteremuko

Evere, Bruxelles
Jumapili, kisha ya ibada

Mama yangu mupendwa, Mama Bahati,

Mimi muke wa mutoto wako nakusalimia kwa heshima yote, pamoja na mujukuu wako Zawadi, mwenye jina lako. Meno yake imefika sita sasa, na anatuuma nayo wote. Muko namna gani huko Goma? Kile kifua chako kimepona, ama bado kinakusumbua asubuhi? Shemeji Janvier na watoto wake wanaendeleaje? Nauliza kwa kweli, Mama, si kwa kujaza karatasi. Lakini pia nauliza sana juu nikimaliza kuuliza, nitalazimika kuanza kusema.

Neema, shemeji yangu, wewe ndiye unasoma hii barua. Nakuomba ukae karibu na Mama. Soma polepole, usiruke kitu, hata pale utaona ni pabaya. Usiisome kwanza peke yako kisha umuelezee kwa kifupi, nakujua. Na kabla ya kuendelea, muambie hivi: Bahati anapumua.

Ndiyo, Mama. Anapumua mwenyewe, bila mashine, na moyo wake unapiga. Lakini hajafungua macho, na leo ni wiki ya tano.

Nilikudanganya. Nilikuambia simu yake iliharibika, kisha nikakuambia yuko na kazi nyingi. Na ile sauti yake niliyokutumia siku ya Noeli, pale anakuambia baridi inataka kutung'oa masikio, ile ilikuwa sauti ya zamani, ya mwaka mumoja nyuma. Niliitafuta ndani ya simu, nikakata mwisho wake, nikakutumia. Wewe ukajibu, ukamubariki, ukacheka. Nilisikiliza kicheko chako kwenye korido ya hospitali, nikajiona muntu mubaya kabisa. Nisamehe. Niliogopa kifua chako. Na kila asubuhi nilijiambia: leo ataamka, kesho atamupigia Mama mwenyewe, na mimi nitaaibika kidogo tu.

Kutuma sauti nimeshindwa. Nilijaribu mara ine, na kila mara nikifika kwenye jina lake ninaifuta. Donc naandika kwa mukono, kisha nitapiga picha ukurasa kwa ukurasa nimutumie Neema. Masomo yangu unaijua iliishia wapi. Mutavumilia.

Bon. Nianze pale mambo ilianzia.

Unakumbuka kazi ya Bahati, kwenye ile nyumba kubwa yenye theluji ndani. Siku alikuonyesha kwa simu, ulicheka ukauliza: "Na inje iko baridi, tena wanaingia kutafuta baridi ya ndani?" Kazi yake ilikuwa kunoa zile mbao ndefu wanavaa miguuni kwa kuteleza, wanaziita ski, na kuzipakaa nta chini. Alisema ni sawa na kupakaa mafuta magurudumu ya chukudu yake, ile aliteremushia kabichi toka Kibumba. Saa watu wamepunguka, walimuacha ateleze na yeye. Mwezi wa kwanza tu alikuwa anashuka vizuri kuliko wale wenye walianza utotoni. Mwalimu wao akamuuliza:

"Wewe ulijifunzia wapi?"

"Kibumba."

"Kibumba? Ni station gani ile ya ski?"

"Ni station ya kabichi."

Tulicheka siku tatu na hiyo maneno.

Kati ya wateja kulikuwa Monsieur Luc, daktari wa meno, muzee wa nywele nyeupe anayeishi upande wa Auderghem. Ni muntu muzuri, Mama, nataka ujue hivyo mbele niendelee. Yeye na rafiki zake wawili walizunguka dunia nzima kutafuta miteremuko mikali, ile ya watu wenye wamezoea sana, na kila Jumamosi wakileta ski zao kunolewa walikuwa wanabishana: wapi ni pagumu kuliko wapi. Bahati akirudi nyumbani alikuwa anachukua blanketi ya Zawadi, anaikunja juu ya kitanda, anafanya nayo milima.

"Angalia, Furaha. Hii ni Alpes. Huku muteremuko mukali ni mwembamba, jiwe huku, jiwe huku. Na theluji ikikaa siku mbili bila ingine kuanguka, inakuwa ngumu kama kigae. Ukianguka pale hausimami, unaenda tu mpaka chini."

Anakunja upande mwingine. "Hii ni Amerika. Theluji yao ni kavu, nyepesi, sawa na unga ya muhogo. Miteremuko ya kutisha iko, lakini asubuhi wafanyakazi wanapita kwanza na baruti, wanaiangusha theluji mbaya, ndiyo wanatoa kamba watu wapite. Alpes, ukitoka inje ya njia yenye alama, ni wewe na Mungu wako."

Japani aliifanya na muto. "Kule haisimami sana, lakini theluji inakufika kifuani na miti imejaa. Hauvunjiki. Unazama."

"Alors, gani ni ngumu kupita zote?"

"Monsieur Luc anasema Alpes. Rafiki yake anasema Amerika, juu kuna pahali unaanza kwa kuruka toka juu ya mwamba. Mimi nikawaambia: Kibumba."

Mama, aliwaeleza yote. Mawe ya volkano, mvua, malori inapanda wakati wewe unashuka, kabichi kilo mia tatu mbele yako, na hakuna muntu wa kufungua kamba wala wa kuifunga. Aliwaeleza chukudu ile ya mbao shemeji Janvier alimuchongea, magurudumu mbili bila injini, na freni yake ni kipande cha pneu, mupira wa gari, chini ya kisigino cha kuume. Monsieur Luc alikaa juu ya sanduku ya viatu, akaomba amuchoree kwa karatasi. Tangu siku ile hakumuita tena "mon petit", kijana wangu. Alimuita "collègue", mwenzake wa kazi.

Rafiki yetu Papa Déo, mutu wa Lubumbashi, alikuja kula kwetu siku moja akamucheka sana: "Nyinyi watu ya Kivu! Mungu aliwajazia milima mpaka mukatoroka, sasa uko natafuta ingine ya baridi?" Bahati akamujibu: "Wewe kwenu ni tambarare, hata muchuzi haiteremuki kwenye sahani." Tulikuwa na furaha, Mama. Nataka ujue tulikuwa na furaha.

Huku wanapaka miteremuko rangi. Kijani ni ya watoto, buluu, nyekundu, na nyeusi ndiyo kali. Mwaka jana walimupeleka Ardennes, hapa hapa Ubelgiji, akashuka nyeusi yao mara kumi bila kuanguka. Akarudi anatembea kama governeri. Monsieur Luc alimuambia: "Collègue, nyeusi ya Ardennes na nyeusi ya Alpes ni jina moja tu. Ni kama watu wawili wanaitwa Jean." Bahati alicheka. Alisikia jina, hakusikia tofauti.

Wiki mbili kabla ya Noeli wakaenda Alpes, wakamuchukua awatunzie ski zao. Siku ya ine, saa sita ya mchana, alinipigia na picha. Nyuma yake kulikuwa mulima mweupe, na katikati yake mufereji mwembamba kati ya mawe, umesimama kama ukuta.

"Unaona ile? Monsieur Luc anasema pale ukisimama wima na ukunje mukono, kiwiko kinagusa theluji ya kando."

"Nimeona. Sasa shuka na ile gari ya kamba, ukule."

"Furaha, hii iko fupi kuliko Kibumba."

"Bahati, usiende."

"Monsieur Luc pia amesema nisiende. Muko wawili sasa, wewe na yeye." Akacheka. "Nataka tu nijue. Wanabishana kila siku, mimi ndiye peke yangu ninaijua Kibumba. Nikishuka hapa, nitawapa jibu."

Nilikuwa na Zawadi mugongoni, analia, maziwa inamwagika kwenye jiko. Nikamuambia: "Fanya unavyotaka." Ndiyo neno la mwisho nililomupa mume wangu, Mama. Fanya unavyotaka. Naamka nalo, natembea nalo kwenye bisi.

Rafiki mumoja wa Monsieur Luc alikuwa amesimama juu anamupiga video. Niliomba kuiona mara tatu kabla hawajanionyesha. Anapinda mara ya kwanza, muzuri. Mara ya pili, muzuri. Ya tatu, ski inagusa barafu, inalia kama kisu juu ya sahani. Hapo mawe inarudisha sauti yake juu, unamusikia anajiambia kwa kelele: "Kanyaga, Bahati! Kanyaga!" Na anakanyaga. Anaegama nyuma, uzito wote juu ya kisigino cha kuume.

Monsieur Luc alinieleza kisha, analia, muzee muzima. Kwenye muteremuko mukali, mwili unaogopa, unataka kurudi nyuma kwenye mulima. Lazima ufanye kinyume: ujitupe mbele, kifua kiangalie bonde, ndiyo ski inakutii. Ukikaa nyuma juu ya visigino, inakukimbia. Akasema ingekuwa ile theluji laini ya Amerika ama Japani, kosa lile lingemukalisha chini tu, akaamka anajipangusa. Alpes siku ile ilikuwa barafu. Aliteleza mpaka kwenye jiwe. Kofia yake ngumu ilipasuka.

Kisha akaniuliza: "Alikuwa anasema nini pale? Kanyaga, ni nini?"

Nikamujibu sijui.

Wewe unajua, Mama. Ni neno lako. Bahati alinihadisia mara nyingi: pale kwenye kona ya kanisa, mwisho wa muteremuko, ulikuwa unasimama unamungoja, na ukisikia magurudumu inakuja juu ya mawe, unapiga kelele: "Kanyaga, papa! Kanyagaaa!" Na yeye anakandamiza ile pneu, moshi inatoka, anasimama mbele yako anacheka na meno yote. Alisema muguu wake ulikuwa unakanyaga kabla masikio haijamaliza kusikia.

Nilifikiri nisikuambie hii. Niliandika ukurasa huu mara mbili nikaupasua. Nilisema, mama muntu akijua neno lake ndilo lilimuegamiza mutoto wake nyuma, atalala namna gani? Lakini neno halina kosa, nakuapia. Lilimufikisha nyumbani miaka yote ile akiwa muzima, na mvua, na malori. Lilifika tu pahali ambapo hakuna freni chini ya kisigino. Nakuambia juu ninalihitaji, na siwezi kuliomba bila kukuambia lilipopita.

Sikiliza sasa, Mama. Neema, hapa soma mara mbili.

Walimupasua kichwa kule, kisha siku ya saba wakamuleta hapa Bruxelles. Daktari wake ni mwanamuke kijana, muvumilivu. Anasema kile kilichovimba ndani ya kichwa kimeshuka, na mwili uko sawa, lakini mwenyewe haitiki. Kila asubuhi wanamufinya kucha, wanamumulika macho, wanamuita: "Monsieur, serrez ma main," kaza mukono wangu. Hakazi mukono. Alhamisi waliniita kwenye chumba kidogo chenye sanduku ya mouchoirs za kupangusa machozi juu ya meza, nikajua. Ijumaa hii inayokuja watakaa pamoja. Kama mpaka siku hiyo hajaonyesha kwamba anasikia neno na kulifanya, hata neno moja, watamuhamisha kwenye nyumba ingine, mbali na hapa. Kule wanawaosha na kuwalisha kwa mupira wa kupitisha chakula, wanawatunza vizuri, lakini hawawaamshi tena. Nikauliza: "Na wenye wanaenda kule, wanarudi?" Daktari akanisogezea ile sanduku.

Nilitoka pale nikaenda kwenye kitanda chake. Sikulia, Mama, nilikasirika. Nilikuwa ninamupakaa mafuta kwenye miguu sawa kila siku, nikafika kwenye kile kisigino cha kuume. Unakijua. Ngozi ngumu kama soli ya kiatu, ile pneu ilimuachia. Miaka yote ya Ulaya, na soksi, na mafuta, haijakilainisha. Nikakishika ndani ya kiganja, nikamufokea kwa nguvu mpaka mugonjwa wa jirani akageuka: "Ulikanyaga kule pasipotakiwa! Kanyaga basi hapa! Kanyaga, Bahati!"

Na kisigino kikakandamiza.

Mama, kilikandamiza kiganja changu. Si kutetemeka. Kilishuka na uzito, kikakaa pale, sawa muntu anazuia muzigo. Nilihesabu mpaka tatu kabla hakijalegea.

Nikakimbia kumuita daktari. Akaja. Akasema, "Madame, refaites." Nikarudia. Kanyaga. Kanyaga, chéri wangu. Nilisema mara kumi, mara makumi mawili, sauti ikakauka. Hakuna. Daktari akanigusa bega, akasema inawezekana ni mwili tu umejishtukia, wanaita réflexe, nisijenge nyumba juu yake. Lakini ule bwana anayemunyoosha viungo, mutu wa Maroc, alibaki nyuma akaniuliza neno lile ni nini. Yeye nilimuambia ukweli wote, Kibumba, kabichi, kona ya kanisa. Akafikiri, akasema: "Basi si sauti yako anayongoja. Wewe haukuwa pale."

Siku ile ile nilimuwekea sauti yako ya Noeli kwenye sikio. Hakutikisika. Nimefikiri sana, na naona ni juu pale ulikuwa unasema polepole, unabariki. Bahati kwenye muteremuko hakusikia Mama wa kubariki. Alisikia Mama wa kelele.

Donc ninachokuomba ni hiki. Nenda pale kwenye kona ya kanisa, kama njia inaruhusu. Kama hairuhusu, muteremuko wowote wenye mawe, hata ule mudogo nyuma ya nyumba ya shemeji Janvier. Yeye achukue chukudu ya Bahati, ile yenyewe, aiteremushe toka juu na muzigo, magurudumu ilie sawa vile ilikuwa inalia. Neema ashike simu karibu na mdomo wako, arekodi. Na wewe usiwe unasema na simu. Angalia juu, uone ni yeye anakuja na kabichi yake, anakuja mbio, lori iko chini inapanda. Kisha umuite. Usiseme pole, mutoto wangu. Usilie ndani yake, lia mbele ama kisha. Muite vile ulikuwa unamuita, na ukali wako wote.

Sauti hiyo iwe imenifikia kabla ya Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nitakuwa pale mbele ya daktari. Nimeshamuambia. Nilifikiri atakataa, lakini alisema: "Amenez la voix de la maman." Leta sauti ya mama. Na nimemueleza wasiangalie mukono. Waangalie kisigino.

Watu wananiambia nisitumaini sana. Hata Papa Déo, mwenye anacheka kila kitu, alikuja hospitali akaniambia vile vile, kofia kwenye magoti. Mimi natumaini, Mama. Niko na mutoto anayegonga mulango wa choo kila asubuhi anaita "Papa", juu ndipo baba yake alikuwa ananyolea ndevu. Nitafanya nini ingine?

Musalimie shemeji Janvier, fundi aliyemuchongea mudogo wake freni nzuri. Muambie haina kosa lolote. Musalimie Papa Muchungaji, aombe kwa jina, si kwa jumla. Musalimie bibi yetu muzee, lakini yeye musimusomee hii barua bado. Wewe Neema, asante kwa kusoma. Najua sauti yako imekatika pahali, hata kalamu yangu ilisimama pale pale.

Zawadi anabusu karatasi, hilo doa la chini ni lake, ni biskuti.

Nimekuachia kazi, Mama, na mimi ninangoja na kiganja changu chini ya kisigino chake.

Ni mimi binti yako, muke wa Bahati,

Mama Zawadi

Neema, ukimaliza hapa usikunje barua kwanza. Mushike Mama mukono, mutoke inje.